Shoti ya Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mabakuli mawili na kilo moja ya maharage. Nikajua nimeletwa jikoni. Nilikuwa nimetoka kwetu Mlandege asubuhi na mapema, mtandio mpya kichwani, cheti kwenye bahasha ya kaki, na baba yangu, aliyekuwa na duka la vitambaa, ameshawatangazia majirani wote kwamba binti yake kaajiriwa chuoni kufundisha filamu. Jirani mmoja alimuuliza, kwani filamu nayo inafundishwa? Baba akamjibu kwamba siku hizi hata kulala kunafundishwa. Wakacheka wote wawili, nami nikaondoka nimenuna.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, hapo Iringa mjini. Kimeshafungwa, na jina lake sitalitaja. Mkuu wa Idara alinikalisha mbele ya televisheni, akaweka filamu, akazima sauti kabisa. Akaniambia kila picha inapokatika nihamishe haragwe moja kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia. Halafu akatoka.

Pale picha inapokatika ndipo tunapopaita mkato, na kipande kilicho kati ya mkato mmoja na mwingine ndiyo shoti. Filamu ya saa moja na nusu ina shoti mia kadhaa, na kabla hujazihesabu kwa vidole vyako hujui imetengenezwaje, unajua tu imekufurahisha. Ninyi mnaochambua filamu kwenye simu mmelala chali, mnagawa nyota tano kama pipi za sikukuu, hamjahesabu shoti hata kumi. Hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Mkuu wa Idara aliporudi aliniuliza nimeona nini. Nikamsimulia: kuna kijana kaoa, mama yake hampendi mke, mke anaonewa, mwisho ukweli unajulikana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua bakuli la kulia na kuyamwaga maharage yote kwenye la kushoto.

"Hiyo ni hadithi," alisema. "Hadithi hata bibi yako anaijua. Rudia."

Nilirudia siku tatu. Siku ya nne nikamwambia kwamba mama mkwe akiingia, shoti zinakuwa fupi na maharage yanakimbia mpaka mkono unachoka, na akitoka zinarefuka tena. Nikamwambia yule mke kila mara anapigwa picha kutoka juu, ndiyo maana anaonekana mdogo, na siku anapojibu kwa mara ya kwanza kamera imeshuka chini na yeye kawa mkubwa. Akatabasamu. Miaka yote niliyofanya naye kazi nilimwona akitabasamu mara mbili tu, na ya pili nitaifikia.

Juu ya mlango wa ofisi yake alibandika karatasi: UMBO KWANZA, MAANA BAADAYE. Alisoma ng'ambo, akarudi na begi la vitabu na hiyo karatasi. Umbo ndiyo namna filamu ilivyojengwa, yaani kamera imekaa wapi, nani yuko ndani ya fremu na nani ameachwa nje, sauti gani inasikika kabla mwenye sauti hajaonekana. Maana, alisema, itakuja yenyewe. Mtu akianza na maana anaona anachotaka kuona. Mimi nilikubali, na kusema kweli nilikuwa na deni la shukrani kwake, kwa sababu ndiye aliyenifumbua macho. Ila alinifumbua jicho moja, akaniambia ni mawili.

Kazi yetu tuliifanya kwa fomu. Ilikuwa na safu nne: Picha, Sauti, Mkato, Kosa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitengeneza filamu fupi, sisi wakufunzi tukaitazama mara mbili, tukajaza fomu, kisha akaitwa kwenye utetezi ajibu maswali. Kulikuwa na kanuni nyingi, na moja aliipenda sana Mkuu wa Idara, kanuni ya shoti ya wawili. Shoti ya wawili ni ile inayowaweka watu wawili kwenye fremu moja. Alisema filamu ya familia isiyo na shoti ya wawili ndani ya dakika tano za mwanzo imekufa, maana mtazamaji hajui nani ni nani wa nani. Watu wanaoishi nyumba moja na hawapatikani kwenye fremu moja, huo ni uzembe wa mpiga picha. Niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, na kwa sauti kubwa.

Dalili nilipewa mapema, nisije nikasema sikuonywa. Tuliwahi kupeleka filamu ya mwanafunzi mmoja kijiji kimoja upande wa Tosamaganga, tukaionyesha mchana ndani ya ukumbi wa kijiji, mashuka meusi madirishani. Ilikuwa ya huzuni, ya mke mpole na mtiifu anayeteswa. Kila huyo mtiifu akimpelekea chakula baba wa nyumba, kina mama wa Kihehe wanacheka. Wanacheka mpaka wanafutana machozi. Hakuna aliyewauliza. Nilikuja kufahamu baadaye sana kwamba yule mtiifu alikuwa anampa mzee sahani amesimama wima kama askari wa zamu, wakati pale hata mtoto mdogo anajua goti linakwenda chini. Tukiwa njiani kurudi, Mkuu wa Idara alisema hawa watu hawajui kutazama, na mimi nikaitikia.

Sasa Tumpe.

Tumpe alikuwa binti wa Kinyakyusa, kutoka kijiji kimoja huko juu ya Tukuyu kwenye migomba na mvua isiyokatika. Mrefu, mkimya, sweta la shule bado mwilini ingawa shule alishamaliza. Kiswahili chake kilinikera. Mimi nimezaliwa na Kiswahili mdomoni, babu yangu alikuja Iringa kutoka pwani na lugha yake haikuachwa njiani, na nilijivunia hivyo kupita kiasi. Tumpe akisema "Madam, kitu yangu nimeacha bwenini," mimi namkatisha mbele ya wenzake: sema kitu changu. Anasema kitu changu, ndaga Madam. Ndaga kwao ni ahsante. Mwisho akawa hasemi kabisa, nami nikaandika kwenye taarifa ya maendeleo kwamba mwanafunzi hana hoja.

Filamu yake iliitwa Bakuli la Baba. Ilikuwa ya dakika ishirini na mbili. Mzee mjane anaishi na mke wa mwanawe, mwana mwenyewe yuko Tunduma kwenye shughuli zake. Mke anapika, anaweka bakuli kwenye kigoda mlangoni pa mzee, anaondoka. Mlango mtupu, bakuli linatoa moshi. Kinasikika kikohozi. Mzee anatoka, anachukua bakuli, anaingia. Mlango mtupu tena. Hivyo hivyo siku kwa siku, yeye kwenye shoti zake, mzee kwenye zake, na bakuli ndilo linalokwenda na kurudi. Kisha mzee anaanza kuugua. Bakuli linarudi nusu, halafu linarudi limejaa. Siku ya mwisho kikohozi hakisikiki. Mzee kaanguka uani. Tunaona mguu wa mke ukifika kwenye kona ya nyumba na kusimama, unasimama muda mrefu. Khanga inaanguka chini. Halafu yule mwanamke anatoka kwenye shoti yake, anaingia kwenye shoti ya mzee, anapiga magoti na kukiinua kichwa chake.

Mnaona wenyewe. Hata nikiwasimulia kwa mdomo mnaona. Mimi mwenye maharage yangu nilihesabu, nikajaza fomu. Picha: wahusika wakuu wawili hawapo pamoja kwa dakika ishirini na moja. Sauti: kikohozi kinajirudia bila sababu, ni kelele za mazingira. Kosa: mwanafunzi ameshindwa kanuni ya shoti ya wawili, mwishoni amefanikiwa kuwapata wote wawili, haielezeki kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Sentensi ile ya mwisho naikumbuka neno kwa neno mpaka leo.

Siku ya utetezi tulikaa mimi na Mkuu wa Idara mezani, yeye Tumpe kwenye kiti cha katikati ya chumba. Mkuu akaniachia niulize. Nikamuuliza swali moja tu, kwa nini hawa wawili hawapo kwenye fremu moja.

Tumpe alitazama chini. "Hawawezi, Madam," alisema.

Hawawezi. Mimi nikasikia waigizaji. Nikasikia huyu ana shamba la chai, yule ana kilabu chake cha pombe, hawakupatikana siku moja, msichana kapiga picha kwa vipande na kuja kutuungia. Na kwa jinsi nilivyokidharau Kiswahili chake, sikuona haja ya kumwambia afafanue. Nikamwambia kupanga ratiba ya waigizaji ni kazi ya mwongozaji, asitafute visingizio. Alifungua mdomo. Akanitazama, akamtazama Mkuu wa Idara, akaufunga. Alikuwa kalelewa kutobishana na mkubwa. Malezi yale yale yaliyokuwa ndani ya filamu yake yalikuwa yamekaa mbele yangu kwenye kiti, na sikuyaona.

Chuo kilikuwa na kaseti chache, kwa hiyo filamu iliyofaulu ilitunzwa maktaba, na iliyofeli kaseti yake ilirudi kutumika. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na mstari wa uamuzi, unaandika Itunzwe au Ifutwe. Niliandika Ifutwe. Tumpe alisaini, akasema ndaga Madam, akaondoka chuoni wiki ile bila cheti.

Mwaka wa tatu baada ya hapo chuo kilifungua tawi Mbeya na mimi nikahamishiwa huko, niwe Mkufunzi Kiongozi. Cheo kikubwa, ofisi ndogo. Nilipanga chumba Isanga, kwa mama mmoja wa Kinyakyusa aliyeitwa Mama Asifiwe, mwanamke mcheshi mwenye mikono kama ya mpiga makasia. Mume wake alikuwa mzee mstaafu wa reli. Mwana wao mkubwa alikuwa Zambia na mkewe alibaki pale nyumbani kusaidia.

Jumamosi moja mchana nilikaa barazani nasahihisha fomu. Yule mke wa mwana alikuwa uani anapepeta mchele. Nje ya geti kikasikika kikohozi, hakikuwa cha kifua, ni kile cha mtu anayegonga mlango kwa koo. Binti aliuacha ungo palepale na mchele juu yake, akajitupia khanga kichwani, akapotelea nyuma ya jiko. Mzee akaingia, akapita uani bila kugeuza shingo, akaingia ndani kwake. Mlango ulipofungwa, binti akarudi kwenye ungo wake akaendelea kupepeta. Uani pakabaki vilevile, isipokuwa mimi.

Nilimuuliza Mama Asifiwe kama mkwewe kagombana na mzee. Alicheka mpaka akaishika nguzo.

"Wagombane wapi, Mwalimu," alisema. "Anamheshimu. Kwetu tunaita ukutila. Mke wa mwana na baba mkwe hawakai pamoja, hawakutani njiani, hawaangaliani usoni. Mzee anakohoa ili mtoto wa watu apate nafasi ya kuondoka. Siku hizi wengi wa mjini wameacha, ila huyu kalelewa. Hawawezi kukaa pamoja. Hawawezi."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Kikohozi kisicho na sababu. Mlango mtupu. Mguu uliosimama kwenye kona ya nyumba, mwanamke anajiuliza avunje mwiko au amwache mzee afe kwa heshima zote. Ile shoti ya mwisho, shoti ya wawili pekee katika filamu nzima, ndiyo filamu yenyewe. Msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameichukua kanuni ya Mkuu wa Idara, akaishikilia dakika ishirini na moja bila kuitumia, akaitumia mara moja, palipouma. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona umbo na maana vikikutana vile, kabla wala baada. Na nilikuwa nimeandika Ifutwe. Mama Asifiwe aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni jua.

Jumatatu niliomba ruhusa, nikapanda basi kurudi Iringa. Mtunza kaseti, mzee wa Kihehe aliyekuwa na daftari la kila kitu, alinisalimu kwa kamwene yake ya siku zote, akafungua daftari, akashuka na kidole mpaka akaipata namba. Kaseti ipo, alisema. Kisha akaitoa na nikaona karatasi iliyobandikwa ubavuni: Mahafali, Hotuba ya Mkuu wa Chuo.

Tuliiweka. Mkuu wa Chuo alitoa hotuba ndefu kuhusu nidhamu na vipaji vya vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Niliisikiliza yote, sikuipeleka mbele. Aliposema ahsanteni na makofi yakakatika, picha ikaruka, ikacheza mistari, na hapo likatokea bega la yule mwanamke linaingia kwenye fremu. Khanga iko chini tayari. Anapiga magoti, anakiinua kichwa cha mzee, na mzee anageuza uso pembeni, hata katika kufa hataki kumtazama mke wa mwanawe. Sekunde arobaini na moja. Hiyo ndiyo iliyobaki. Mkuu wa Chuo angewashukuru na wazazi, kama ilivyo desturi ya hotuba, isingebaki hata hiyo, na ningekuwa na kisingizio cha kusahau.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Idara. Nikamweleza yote nimesimama, nikamwomba mawili: Tumpe aandikiwe barua, na fomu iongezwe safu ya tano, iitwe Waulize Wenyewe. Kabla hujaandika kosa, unamtafuta mtu wa pale filamu ilipotoka, unamuuliza yeye anaona nini. Hapo ndipo alipotabasamu mara ya pili.

"Mwalimu," alisema, "tukianza kuuliza kila kabila, kosa halitakuwepo tena. Na kosa lisipokuwepo, sisi tunafanya kazi gani hapa?"

Nilipaswa kuacha kazi siku ile. Nilipaswa angalau kwenda Tukuyu, nikaulizia kijiji kwa kijiji. Sikufanya. Nilirudi Mbeya na kaseti ndani ya mkoba, nikaendelea kujaza fomu za safu nne. Darasani nilianza kuwauliza wanafunzi kwao wanafanyaje, na nikaacha kuwasahihisha Kiswahili chao, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo toba. Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya ya mtu mzima haina tofauti na woga. Mtu akiogopa muda mrefu anajiita mvumilivu. Miaka ikapita hivyo, mpaka barua ya kustaafu ikaja.

Waliniaga kwa keki na blanketi. Mratibu wa tawi aliniita mama wa uchambuzi wa filamu katika mikoa hii miwili, watu wakapiga vigelegele. Wiki ile nikifungasha vitu Isanga niliikuta kaseti chini ya sanduku. Mama Asifiwe, ambaye alikuwa anajua kila kitu kwa sababu nilishamwambia, aliitazama, akanitazama. Kisha akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba Tumpe wa filamu yupo, ana studio ya video za harusi Mwanjelwa, ndiye aliyepiga harusi ya binti wa dada yake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema alikuwa anangoja niulize.

Nikaihamishia ile kaseti kwenye flashi kwa fundi mmoja wa pale sokoni, nikaenda. Studio ilikuwa katikati ya duka la magauni ya harusi na fundi simu, jina lake limeandikwa kwa maandishi ya dhahabu. Nilimtambua kwa urefu. Amenenepa, amevaa miwani, na Kiswahili chake sasa ni cha mjini, kimenyooka. Alisimama, akanipa shikamoo na kiti. Hakuonyesha chuki. Ningefurahi angeonyesha.

Kwenye kompyuta alikuwa anahariri harusi. Bibi harusi kakaa katikati ya wakwe zake, kauinamisha uso kwenye maua yake. Mzee pembeni yake kageuza shingo mpaka mishipa imetoka, anautazama ukuta. Sauti ya Tumpe mwenyewe inasikika kutoka nyuma ya kamera: Baba, sogea kidogo kwa bibi harusi. Sogea, Baba. Usiangalie pembeni. Hapo hapo.

"Wazee wa kwetu wanasumbua sana," aliniambia, akapunguza sauti ya kompyuta. "Lakini nawasogeza. Bila shoti ya wawili hakuna video. Si ulitufundisha, Madam."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima na yote yakapotea. Nilimpa flashi. Akaifungua, akatazama zile sekunde arobaini na moja mkono ukiwa mdomoni. Ilipoisha aliirudisha mwanzo akatazama tena. Ndipo nikamwambia: nilikosea. Halikuwa kosa lako, filamu yako ilikuwa kamili, na bora kuliko zote nilizopata kuziona pale chuoni. Mimi sikujua ukutila, na sikukuuliza. Uliponiambia hawawezi, nilisikia kitu kingine.

Kwa fundi simu redio ilikuwa inatangaza bei za mazao.

"Hii shoti tulipiga mara moja tu," alisema mwishowe. "Yule mzee aliniambia mara ya pili hawezi. Nilijua inatosha. Halafu nikafika kwenu, nikaambiwa ni makosa, nikasema basi, wao ndio wamesoma. Miaka kumi na minne, Madam, nawasogeza wazee wa watu."

Nikamwambia mwanangu, nisamehe.

Alifungua droo, akatoa karatasi na kalamu, akaziweka mbele yangu. "Kosa uliniandikia," alisema. "Hili mbona unaniambia kwa mdomo?"

Nimeandika mamia ya fomu maishani mwangu, hakuna hata moja iliyonihusu mimi. Nikaandika Bakuli la Baba, nikaandika jina lake, nikachora safu nne kama zamani. Kwenye Picha, Sauti na Mkato sikuandika kitu, maana picha zenyewe hazipo tena za kuandikiwa. Kwenye Kosa niliandika la mkufunzi. Chini, kwenye mstari wa uamuzi, niliandika Itunzwe, nikaona upumbavu wake palepale, nikalikata. Halafu nikaongeza safu ya tano ubavuni, ile iliyokataliwa, nikaandika swali langu la utetezi, kwa nini hawa wawili hawapo kwenye fremu moja. Chini yake nikaandika jibu, lile lile alilonipa yeye, neno moja.

Hawawezi.

Aliisoma. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo. Kisha akarudi kwenye harusi yake, akairudisha mwanzo pale mzee anaposogezwa, akaisimamisha picha hapo, akabaki anaitazama.

Nikaaga. Akaitikia bila kugeuka. Kwetu, na kwao, na kila mahali nilikowahi kuishi katika nchi hii, mgeni husindikizwa, hata akiwa mgeni wa dakika tano, hata kama ni hatua tatu tu nje ya mlango. Nilitembea polepole kwa makusudi. Nilipofika kwenye magauni ya harusi niligeuka. Mlango ulikuwa mtupu.